Kikao Kilishauri

Kuna kitenzi kimoja ambacho kwa miaka 3 sikuruhusiwa kukiandika. Nilikuwa katibu wa Halmashauri ya Walei katika parokia moja pembezoni mwa Dar es Salaam, na kitenzi chenyewe ni kuazimia. Kwenye chama cha ushirika watu huazimia. Kwenye SACCOS huazimia. Kamati ya harusi ya binamu yangu iliazimia bia zipunguzwe, na hakuna aliyeuliza ina mamlaka gani. Sisi, watu 35 tuliokaa kwenye viti vya plastiki kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane, tulishauri. Rasimu ya muhtasari wangu wa kwanza ilirudi kutoka kwa Baba Paroko ikiwa na mistari myekundu mahali patatu, na juu ya kila mstari kwa mwandiko wake mdogo: kilishauri.

Nilikuwa na miaka 26. Nilichaguliwa, nadhani, kwa sababu nilikuwa na kompyuta mpakato na sikuwa na mtoto wa kunyonyesha.

Watu wengi wa rika langu huliona Kanisa Katoliki kama jeshi: Papa, askofu, paroko, kisha sisi tunaopiga magoti. Hawaioni ngazi inayopanda kutoka chini. Jumuiya yetu ndogo ndogo ilikuwa na kaya 22, tukisali kila Jumamosi alfajiri nyumba kwa nyumba, kabla watu hawajaenda sokoni. Mtindo huu una historia yake: mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi na kuzifanya jumuiya hizi kuwa msingi wa kazi yao ya kichungaji. Jumuiya huchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Wenyeviti wa jumuiya hukutana katika kanda. Viongozi wa kanda na vigango huingia halmashauri ya parokia, wakiungana na wawakilishi wa WAWATA, UWAKA, VIWAWA na vyama vya kitume, pamoja na katekista na sista mmoja. Kampeni haziruhusiwi. Tunaambiwa Roho Mtakatifu ndiye anayechagua, na mara nyingine huwa ameanza kupiga simu tangu Ijumaa usiku.

Kwa hiyo mtu anayefika mezani pale amepita kwenye kura kadhaa halali, za karatasi, zilizohesabiwa mbele ya watu. Na akishafika, kura yake inakuwa ya ushauri tu. Ndivyo inavyosema kanuni ya 536 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983: askofu akiona inafaa, kila parokia iwe na baraza la kichungaji, paroko ndiye anayeliongoza, na baraza hilo lina kura ya ushauri peke yake. Mwenyekiti mlei anayegonga meza na kusema "ajenda namba tatu" anaendesha kikao. Kuongoza ni kazi ya mwingine, anayekaa kulia kwake akinywa chai taratibu.

Haya yote yangebaki mambo ya makaratasi kama tusingekuwa tunajenga kanisa.

Kanisa la zamani lilikuwa dogo kweli. Jumapili watu walisimama nje, mvua ikinyesha wakajibanza chini ya miembe. Mchango ukapangwa: shilingi 200,000 kwa kila kaya kwa mwaka, awe bosi wa bandarini au muuza karanga. Kila Jumapili, baada ya komunyo na kabla ya baraka, majina ya wanaodaiwa yalisomwa jumuiya kwa jumuiya. Ilipofika zamu ya jumuiya yetu, nilisikia jina la bibi mmoja mjane anayeuza vitumbua kwenye kona ya barabara yetu. Alikuwa amelipa 60,000. Alikaa kimya, akaokota kitenge chake, akapokea baraka kama wengine. Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya kusali kwake. Alituma mjukuu aseme anaumwa.

Nilimfuata jioni. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kudai?"

Nilimwambia hapana. Akaniuliza kitu kimoja tu, huku akigeuza vitumbua: ni kweli anayedaiwa hazikwi na padre? Uvumi huo ulikuwa umeenea mtaa mzima, na mimi katibu sikuwa na karatasi yoyote ya kumwonyesha kwamba ni uongo.

Mwenyekiti wa kanda yetu alilipeleka suala hilo kwenye kikao. Mjadala ulichukua karibu saa mbili. Mama wa WAWATA alisimama akasema jina la mtu si tangazo la mnada. Mwishoni ikapigwa kura kwa kuonyesha mikono: 27 kati ya 35 walitaka mchango upangwe kwa uwezo wa kaya, na majina yasisomwe tena. Baba Paroko akasema, "Nimeupokea ushauri. Nitautafakari." Nikaandika: kikao kilishauri. Jumapili iliyofuata majina yakasomwa, safari hii kwa kipaza sauti kipya.

Nilikasirika, na mimi nikikasirika husoma. Nikapata nakala ya Sheria za Kanisa, nikaisoma kwenye daladala kwa wiki kadhaa. Ni kitabu kikavu, lakini kina mambo. Kanuni ya 1181 inataka maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Jibu la bibi lilikuwa pale. Kanuni ya 127 inasema kwamba pale sheria inapomtaka kiongozi aombe ushauri, asipouomba tendo lake ni batili. Akiuomba halazimiki kuufuata, ila asiuache ushauri wa pamoja pasipo sababu nzito. Na wanaoulizwa wanawajibika kusema ukweli wa moyo wao, sharti ambalo lingefupisha vikao vyetu vingi. Kisha nikafika 537. Baraza la kichungaji linategemea maoni ya askofu, lakini baraza la fedha ni lazima katika kila parokia. Kwetu kamati ya fedha ilikuwepo kwenye orodha iliyobandikwa ukutani. Nilipowauliza wajumbe wake watatu, wawili hawakujua kwamba wamo.

Nikaomba miadi. Baba Paroko alinipokea ofisini, pamejaa mifuko ya saruji. Nilitegemea kufokewa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kati ya wale 27 ni wangapi wamemaliza kulipa. Nilikuwa na daftari, nikahesabu: 11.

"Fundi hadai halmashauri, Katibu. Ananidai mimi. Mbele ya sheria ya Kanisa anayeiwakilisha parokia ni paroko." Akanyamaza kidogo. "Unakumbuka kikao cha mwaka juzi, kabla hujaingia? Waulize walichonishauri kuhusu ubatizo."

Niliitafuta mihtasari ya mtangulizi wangu. Ilikuwepo. Wajumbe wengi, karibu wote, walikuwa wameshauri watoto wa kina mama wasioolewa wabatizwe siku yao peke yao, katikati ya wiki, ili "kulinda heshima ya ndoa". Baba Paroko alikuwa ameupokea ushauri huo pia, na hakuufanyia kazi. Mmoja wa watoto hao ni wa dada yangu. Alibatizwa Jumapili, pamoja na wengine, na kwa miaka miwili familia yetu haikujua kwamba kulikuwa na kura.

Sijui nifanye nini na jambo hilo hadi leo. Kitenzi kilekile kilichomnyima bibi haki yake ndicho kilichompa dada yangu yake. Marafiki zangu wanaotaka kura iamue kila kitu kanisani huwa sibishani nao sana, ila huwaomba kwanza wahudhurie vikao 4 mfululizo. Na wanaosema padre aachiwe kila kitu huwaambia wasome 537.

Hiyo ndiyo niliyoipeleka kwenye kikao kilichofuata, chini ya "mengineyo", wakati watu wameshaanza kunusa pilau. Sikutaja majina wala vitumbua. Nilisoma kanuni, nikauliza kamati ya fedha itakutana lini. Mzee mmoja mhasibu mstaafu akasema yuko tayari hata Jumatatu. Baba Paroko alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha akasema, "Sheria ni sheria." Kamati ya watu 5 ikaundwa. Mwezi wa kwanza walibandika mapato na matumizi mlangoni, na watu waliosimama kusoma walichelewesha misa ya pili. Mwezi wa pili wakamwambia Baba Paroko, kwa takwimu, kwamba tangu majina yaanze kusomwa makusanyo yameshuka. Usomaji ukakoma. Kiwango cha 200,000 kikabaki palepale.

Muda wangu uliisha, tukafanya uchaguzi, nikamkabidhi katibu mpya mafaili na mhuri. Baadaye, Oktoba 2024, Sinodi ya Maaskofu kule Roma ilimaliza kazi kwa hati inayotaka mabaraza haya yawe ya lazima. Nilimtumia katibu mpya habari hiyo. Akajibu kwa alama ya dole gumba.

Bibi husali parokia ya jirani, misa ya saa kumi na mbili, kisha huwahi vitumbua vyake. Deni lake la 140,000 bado lipo kwenye daftari la ujenzi. Nilipouliza kama linaweza kufutwa, kamati ya fedha ilisema hilo ni suala la halmashauri. Halmashauri ililijadili na kushauri lifutwe. Wakati huo Baba Paroko alikuwa amehamishwa, na paroko mpya anasema bado anajifunza parokia.