Kilebu na Omena za Homa Bay

Ukitoka mjini Migori kwenda Homa Bay, utapita Awendo penye mashamba ya miwa, kisha Rongo, ndipo ukate kushoto kuelekea ziwani. Njiani tazama matrekta ya miwa, halafu tazama mbwa waliojilaza kando ya lami. Utaelewa kwa nini mbwa asiyeitika akiitwa hana maisha marefu.

Ukifika Homa Bay, nenda ufuoni wanakoanika omena. Nunua kikopo kimoja, kwani hizo ndizo chaki za kumfundishia kilebu wako. Mfunze kabla ya mlo, maana aliyeshiba hana haja nawe. Mwite jina mara moja tu. Akija, mpe omena moja mkononi mwako. Ngoja aketi, umpe nyingine. Dakika tano zatosha, akichoka, hasikii.

Kisha mchezo. Funga matambara kwa kamba ya katani, uyaburute mchangani kama panya anayetoroka. Akiyadaka, vutaneni polepole, na mara nyingine umwachie ashinde. Sasa mwonyeshe omena. Atakapofungua kinywa, sema "Acha!" Baada ya siku chache neno hilo litatosha.

Wako mbwa wanaolelewa kwa makombo na mawe. Wa mawe huukimbia mkono wa mwenyewe. Wa omena huufuata. Samaki mkunje angali mbichi, msomaji. Siku trekta litakapotokea, utakuwa na nafasi ya kuita mara moja tu.