Wanyama Wanaosimamisha Magari

Kutoka Fargo kwenda magharibi, barabara ya I-94 imenyooka hadi usukani unabaki kama pambo. North Dakota ni tambarare: alizeti, soya, madimbwi yenye bata, ngano, halafu ngano tena. Mjomba ameipita njia hii na lori miaka mingi, akipeleka mizigo Montana na kurudi, na sanamu za wanyama wakubwa za kando ya barabara anazijua kama mtu anavyowajua majirani wa kupungiana mkono tu. Hajawahi kusimama hata kwa moja. Trela halina pa kugeukia kwenye vijia vya miji midogo, na ndani ya lori kuna mashine inayohesabu kila dakika ya dereva. Safari hii alikuwa likizo, ana gari dogo, na pembeni yake mpwa aliyetoka Dar es Salaam na ombi moja.

“Wenzako wakija Marekani wanataka New York,” akaniambia. “Wewe unataka ng’ombe wa faiba.”

“Ndiyo, Mjomba. Shika njia.”

Mnyama wa kwanza yuko Jamestown, mwendo wa kilomita 150 hivi. Ni nyati, lakini msomaji asimfikirie mbogo wa Mikumi. Nyati wa Marekani ana nundu mabegani, ndevu kidevuni, na kichwa anakibeba chini kana kwamba kinamlemea. Huyu wa Jamestown anasimama kilimani juu ya barabara kuu: kimo chake mita 8, urefu mita 14, uzito tani 60, mwili wa saruji juu ya chuma na wavu wa waya. Ni dume, na mchongaji hakuficha kitu. Watoto wa familia iliyotutangulia walikuwa wakipiga picha upande wa nyuma huku wakivunjika mbavu, mama yao akijifanya anasoma kibao.

Mchongaji huyo, Elmer Petersen, alimkamilisha mwaka 1959. Aliyeagiza kazi ni Harold Newman, mfanyabiashara wa mabango ya matangazo, na hapo nilianza kuelewa sanamu hizi zimetokana na nini. Mwaka 1956 Rais Eisenhower alitia saini sheria ya barabara kuu za nchi nzima, zile pana ambazo hazikatizi katikati ya mji. Kabla yake, msafiri hakuwa na hiari. Alipita mbele ya duka lako, akapunguza mwendo, akaona mikate dirishani, mtoto akalia njaa, ukapata riziki. Barabara mpya ikampitisha pembeni kwa kasi, na mji wako ukawa jina kwenye kibao cha kijani. Mtu aliyeishi kwa kuuza mabango aliona kwamba mji huu unahitaji bango lenye kwato.

Nyuma ya sanamu kuna uwanda ambako nyati wa kweli wanafugwa, na makumbusho yao. Aliyevuta watu kwa miaka mingi ni White Cloud, jike mweupe pe aliyezaliwa mwaka 1996 na kufa mwaka 2016. Kwa Walakota na mataifa mengine ya nyanda hizi, nyati mweupe ni kiumbe kitakatifu, na wapo waliokuja kutoka mbali kumwona kwa sababu ambayo haihusiani kabisa na utalii. Sasa ngozi yake imejazwa, yuko ndani ya makumbusho.

Nilisimama pale nikiwa na furaha ya mtalii na jambo jingine linaloniwasha. Wanyama hawa walikuwa makumi ya mamilioni. Reli ya Northern Pacific ilifika Jamestown mwaka 1872, na kabla ya miaka ya 1880 kwisha, wawindaji wa ngozi walikuwa wamewamaliza, wakabaki mamia porini. Kisha walowezi wakapita na mikokoteni kuokota mifupa iliyotapakaa nyikani, wakaiuza kituoni. Ilisafirishwa kwa treni kwenda kusagwa mbolea na kuchomwa makaa ya kusafishia sukari. Nyati wa nyama aliuzwa mpaka mfupa wa mwisho, na sasa yule wa saruji anauza soda na kofia. Sisemi wamvunje. Mimi mwenyewe nilinunua kofia.

Steele hatukukaa. Kuna korongo wa bati, kimo mita 12, anayesimama karibu na njia ya kutokea kwa sababu makorongo wa kweli hutua kwa maelfu kwenye maji ya wilaya hii wanapohama. Shingo yake imetengenezwa vizuri kuliko miguu. Tulijaza mafuta, tukala mayai na viazi, tukaondoka.

Baada ya Bismarck unavuka mto Missouri na nchi inabadilika: vilima, malisho, mawe. Ng’ombe anaanza kuonekana ukiwa bado mbali, doa jeusi na jeupe juu ya kilima, na kwa muda akili yako inakataa vipimo. Huyo ni Salem Sue wa New Salem. Kimo chake kinakaribia mita 12, urefu mita 15, uzito tani 6 tu, maana ni faiba, ileile ya kutengenezea boti. Mfugaji yeyote wa Kiambu au Rungwe angemtambua palepale: Friesian safi, ingawa Wamarekani humwita Holstein. Chama cha Lions cha mji kilisimamia ujenzi mwaka 1974, wafugaji na wenye maduka wakachangia, gharama ikafika dola 40,000. Aliundwa Sparta, Wisconsin, akasafirishwa vipande vitatu. Sparta hadi leo kuna karakana inayofyatua wanyama wa namna hii kwa ajili ya Marekani nzima, na kalibu zao za zamani zimelazwa nje kwenye majani, nusu ya papa hapa, nusu ya mbwa pale, zikingoja mteja mwingine.

Njia ya kumfikia ni ya changarawe, inapanda kwa kona. Ukifika chini yake upepo unakupiga, na unachokiona zaidi ni tumbo, mishipa ya maziwa, na kiwele ambacho kila chuchu yake ni nene kuliko mwili wangu. Mtengenezaji wake alikuwa amewahi kukamua, au alimsikiliza aliyekamua. Hilo ndilo lililonivutia kwake kuliko nyati. Nyati wa Jamestown ni kumbukumbu ya mnyama aliyeondolewa. Sue alijengwa na watu waliomkamua dada yake asubuhi hiyohiyo. Na hawakumwona kuwa mzaha. Timu za shule ya sekondari ya mji zinaitwa Holsteins. Hebu fikiria vijana wa mpira wanaingia uwanjani, wenzao ni simba na tai, wao wanajivunia kuwa ng’ombe wa maziwa.

Mjomba alimzunguka taratibu, akamgonga ukwato, akasikiliza. “Ndani mtupu,” akasema. Kisha akatia dola tano kwenye kisanduku cha michango. Rangi nyeusi ikikaa juani na barafuni inapauka, na ng’ombe wa ukubwa huu hapakwi kwa kopo moja. Nadhani kujenga ni rahisi; mji unachangamka, picha zinapigwa, hotuba zinatolewa. Kazi ni miaka inayofuata, pale aliyetoa wazo amezeeka na ngazi bado inahitaji mtu wa kuipanda.

Mtu wa namna hiyo yuko Regent. Ukiendelea magharibi unakutana na njia ya kutokea namba 72, na juu ya kilima kuna jicho kubwa la chuma ambalo ndani yake bata bukini wanaruka kuelekea mawinguni. Kimo chake kinazidi mita 33, upana mita 47, na kitabu cha Guinness kiliiandika kuwa sanamu kubwa kuliko zote duniani iliyoundwa kwa chuma chakavu. Mabomba na matangi ya visima vya mafuta ndiyo yaliyotumika. Kutoka hapo inaanza Enchanted Highway, kilomita 51 kwenda kusini, na kila baada ya mwendo kuna sanamu shambani. Zote ni kazi ya Gary Greff.

Greff alikuwa mwalimu na mkuu wa shule. Hakusomea sanaa, wala kuchomelea vyuma hakujua. Aliporudi nyumbani aliona Regent inaisha. Leo ina wakazi wasiofika 200. Hesabu yake ilikuwa fupi: hakuna atakayeacha barabara kuu na kuendesha kilomita 51 kuona kitu cha kawaida, lakini kwa kikubwa kuliko vyote duniani atakuja. Sanamu ya kwanza, familia ya bati, ilisimama mwaka 1991. Wakulima walimruhusu atumie mashamba, majirani wakamsaidia kuinua vyuma, na nyasi za kuzunguka sanamu amezifyeka mwenyewe miaka na miaka.

Tulishuka polepole. Kulungu anaruka uzio. Samaki anachomoka kwenye uso wa maji uliotengenezwa kwa mabati, na wewe uko chini, umegeuzwa kiumbe wa kilindini. Kwareng’ombe wa rangirangi, baba, mama na vifaranga, wanastahili kuwepo kwa sababu wawindaji wa ndege hao huleta fedha huku kila msimu wa vuli. Panzi ndio walionisimamisha muda mrefu. Mkubwa wao ana kimo cha mita 12, amekaa kati ya mabua ya chuma, na uso wake hauna huruma. Miaka ya 1930, juu ya ukame, panzi walikula mashamba ya jimbo hili mpaka mashina. Nilimweleza Mjomba kwamba nzige walipoivamia Kenya mwaka 2020, sijasikia mtu wa Marsabit aliyependekeza wajengewe sanamu. Akasema wapewe miaka tisini.

Regent yenyewe ni mtaa mmoja mpana na ukimya wa jioni. Shule ilifungwa, na Greff ameigeuza hoteli yenye sura ya ngome ya wapiganaji wa farasi. Korido bado ina upana wa korido ya shule. Nilijikuta nikitembea pembeni, kama mwanafunzi aliyechelewa. Tulichukua vyumba, tukala nyama ya kuchoma, tukanunua kwareng’ombe wa bati wa kuweka mezani.

Baada ya chakula Mjomba alitoa risiti zote mfukoni. Hiyo ni tabia ya madereva, hawatupi karatasi. Akazipanga kwa mji: Jamestown, tiketi mbili na kofia. Steele, mafuta na mayai. New Salem hakukuwa na risiti, akaandika tano kwa kalamu juu ya kitambaa cha karatasi. Regent, vyumba, nyama, kwareng’ombe. Akajumlisha mara mbili. Regent, ulio mbali na barabara kuu kuliko miji yote, ulikuwa umechukua zaidi ya hiyo mingine mitatu kwa pamoja.

“Huyu alifundisha hesabu,” akasema, akaagiza kahawa nyingine.