Ukuta wa Ngazi Ikonge

Ikonge, Nyamira. Ardhi hapa haikubali nyumba ikae sawa. Duka liko usawa wa barabara, lakini ukizunguka nyuma unakuta chini yake chumba kingine kizima, dirisha likitazama migomba na majani chai. Mteremko umempa mwenye ploti ghorofa bila jasho la kuchimba. Wenzetu walioko Minnesota huchimba kwa lazima: msingi sharti ushuke kupita udongo unaoganda, zaidi ya mita 1 kusini mwa jimbo, mita 1.5 hivi kaskazini. Ukishafika huko, mbona usiongeze chumba?

Kule ngazi ya wazi huzibwa ili baridi ya chini isipande sebuleni. Hapa ni mambo ya kodi: chumba kikitengwa na duka, kinapata mpangaji.

Fundi niliyemkuta akiziba ngazi ya duka moja alikataa tofali. Ukuta wa tofali la kuchoma ungekula upana wa ngazi ambayo tayari ni nyembamba. Akasimamisha fremu ya saipresi. Chini ya mbao ya sakafuni alitandika nailoni kwanza, maana saruji iliyoegemea udongo hunyonya maji, na mvua za huku hupita milimita 1,500 kwa mwaka. Nguzo alizipanga kila sentimita 60, vichwa vimekatwa mshazari kufuata tumbo la ngazi. Vipandio vina kimo cha sentimita 17.5 na upana wa 25, hivyo kila nguzo ni fupi kuliko iliyotangulia kwa sentimita 42. Alipima ya kwanza kwa timazi, nyingine akazitoa kwa hesabu.

"Ukipima kila moja, mwalimu, utakosea kila moja."

Lamu hawakuhitaji fremu. Boriti za mikoko hazivuki zaidi ya mita 3 hivi, kwa hiyo nyumba zimejaa kuta nene za mawe, na ngazi hupenya katikati yake. Ila huko juu kuna kiwanda, yaani ua usio na paa, mwanga unashuka. Ikonge plaiwudi imepanda kupita vipandio hadi kwenye slabu. Saa sita mchana ngazini ni giza. Mimi ningeacha futi moja juu, niweke wavu. Mama mwenye ploti hakutaka kusikia: wavu hupitisha maneno ya dukani.

Mlango umewekwa chini, unafungukia chumbani, mtu asije akausukuma kutoka juu akakanyaga hewa. Upande wa ngazi una kufuli, upande wa mpangaji komeo.