Jina na Chuma

Kila fani ya kale ina mlango wake, na mgeni hana budi kuingia kwa mlango huo akitaka kuheshimiwa ndani. Mlango wa fani ya panga za kale za Japani ni jicho. Mtu aweza kuwa na mali nyingi, na vitabu vingi, na marafiki wenye vyeo. Kama jicho lake halikufundishwa, atanunua majina na kuacha vyuma. Nimekusudia kueleza niliyoyaona na kuyafikiri katika fani hiyo, si kwa kuwa mimi ni bingwa wake, bali kwa kuwa ina fundisho linalotuhusu sote tunaosoma maandishi ya watu waliokwisha kufa.

Nilikaa Osaka mwaka mmoja nikifundisha Kiswahili. Mwenyeji wangu alikuwa mzee aliyekaribia miaka themanini, mkusanyaji wa panga na vipambo vyake tangu ujana. Mshahara wa mwalimu haununui upanga mwema. Kwa hiyo nilijitosheleza na tsuba, yaani visahani vya chuma vinavyokaa kati ya mpini na makali ili kuukinga mkono. Navyo ninavyo vinne tu. Lakini panga za mzee nilizishika jioni nyingi, naye alinifundisha adabu zake kabla ya kunifundisha elimu yake.

Adabu hizo si chache. Kabla ya kuutoa upanga alani, mtu huinamisha kichwa. Upanga hushikwa makali yakiwa juu, ukatolewa taratibu ukiegemea mgongo wake. Hapana asemaye neno mbele ya chuma kitupu, maana mvuke wa kinywa huleta kutu. Wala hapana kidole kinachogusa ubapa, maana jasho la mkono ni adui. Mafuta ya kuulinda, kwa desturi ya zamani, yalitiwa karafuu, na jina lake kwa Kijapani latokana na karafuu yenyewe. Mzee alipofungua kichupa chake mara ya kwanza, nilisikia harufu ya Pemba wakati wa mavuno, karafuu zimeanikwa majamvini juani. Tangu hapo sikujiona mgeni sana katika chumba kile.

Elimu yenyewe huanza kwa kujua jinsi upanga unavyozaliwa. Mchanga wenye chuma huyeyushwa kwa makaa ya miti katika tanuri la udongo, na tanuri la namna hiyo lilifufuliwa katika mkoa wa Shimane mwaka 1977 ili wahunzi wa siku hizi wapate feleji ya asili. Mhunzi huifua feleji hiyo, huikunja, akaifua tena, mara nyingi, hata uchafu umetoka na nyuzi za chuma zimefumana kama mishipa ya ubao. Kisha huupaka upanga udongo, mzito mgongoni, mwembamba penye makali, akautia motoni na kuuzamisha majini. Penye udongo mwembamba chuma hupoa upesi kikawa kigumu sana. Penye udongo mzito hupoa polepole, kikabaki na ustahimilivu. Mpaka wa sehemu hizo mbili huonekana kwa macho kama ukungu mweupe unaofuata makali, na ndani ya ukungu huo mna chembe zing'aazo kama nyota. Kila chuo cha wahunzi kilikuwa na ukungu wake. Wataalamu huhesabu mapokeo makuu matano, nayo ni ya Yamashiro, Yamato, Bizen, Sagami na Mino. Na mtu aliyezoea huweza kuutazama ukungu na mishipa ya chuma akataja nchi, zama, na pengine hata mkono uliofua.

Kuna mchezo mmoja wa wakusanyaji ambao ningependa uingie katika madarasa yetu. Panga kadhaa huwekwa mezani, misuka yake imefunikwa. Msuka ni kile kipande cha chuma kinachoingia ndani ya mpini, na hapo ndipo mhunzi huchora jina lake kwa patasi. Kila mtu hutazama kwa zamu, akaandika katika karatasi jina la mhunzi anayemdhania, akampa msimamizi. Aliyekosea huambiwa kama amekaribia au yu mbali, akarudi kutazama tena. Faida ya mchezo huu ni kwamba jina hutafutwa ndani ya kazi, wala kazi haisomwi kwa kivuli cha jina.

Msuka ukifunuliwa, una ushahidi wake wa pekee. Sehemu nyingine zote za upanga hunolewa na kung'arishwa, lakini kutu ya msuka haiguswi. Kutu hiyo, nyeusi au ya kahawia, ndiyo hesabu ya miaka. Mtu asiyejua akiusugua msuka kwa msasa ili upendeze, amechoma hati ya kuzaliwa ya upanga ule. Wajuzi huitazama rangi ya kutu, na alama za tupa, na tundu la kijiti cha mpini, kisha husoma jina. Jina ni shahidi wa mwisho kuitwa, si wa kwanza.

Sababu ya tahadhari hii yafahamika. Panga nyingi ndefu za zamani za wapanda farasi zilifupishwa baadaye ili zifae vita vya miguu na desturi mpya, na kwa kuwa zilikatwa upande wa msuka, majina yalipotea. Masamune wa Sagami, ambaye wengi humhesabu kuwa mkuu wa wahunzi wote, ameacha panga chache mno zenye saini. Nyingi zinazosemwa kuwa zake hazina jina. Kwa upande mwingine, majina makubwa yalichorwa juu ya vyuma vya watu wengine kwa karne nyingi, kwa sababu zawadi ya mtawala ilitaka jina kubwa, na mfanyabiashara alijua kuwa jina huuza. Si kila jina la kuazima ni la hila, kwani mwanafunzi aliweza kufua na kutia jina la mwalimu kwa idhini yake. Lakini hila zilikuwa nyingi.

Ndipo ukapata heshima ukoo wa Hon'ami, ambao kazi yao ilikuwa kunoa panga na kuzikadiria. Walitoa hati za karatasi iliyokunjwa, na mwaka 1719 ukoo huo uliandaa orodha ya panga mashuhuri kwa amri ya shoguni Tokugawa Yoshimune. Walipoona upanga uliopoteza jina, na wakasadiki kuwa wamemjua mhunzi wake, pengine waliliandika jina hilo kwa dhahabu juu ya msuka, na kando yake wakatia jina la Hon'ami aliyehukumu. Desturi hii yastahili sifa. Mwenye hila huchora jina akajificha. Mthamini huandika jina akajionyesha, ili kizazi kijacho kijue ni nani wa kuulizwa.

Vipambo navyo vina elimu yake. Ukoo wa Goto, tangu Goto Yujo aliyefariki mwaka 1512, ulitengeneza kwa vizazi vingi vipambo vya dhahabu na vya shaba nyeusi kwa ajili ya wakuu. Mwaka 1876 serikali ilipokataza watu kuvaa panga hadharani, mafundi wengi walikosa kazi, na vipambo vingi vilitengwa na panga zake vikauzwa Ulaya na Marekani. Tsuba zangu nne ni mayatima wa namna hiyo. Moja ina jina la fundi mashuhuri ambalo sikulisadiki nilipoinunua; niliipenda kwa chuma chake, kizito na laini kama jiwe la mtoni.

Dhoruba ya pili ilikuja mwaka 1945. Japani iliposhindwa vitani, majeshi ya Marekani yaliamuru silaha zikabidhiwe, na panga nyingi ziliharibiwa au zilichukuliwa. Wataalamu, miongoni mwao Honma Junji, walitetea kwamba upanga wa kale ni sanaa, na utetezi wao ukasikiwa. Mwaka 1948 kiliundwa chama cha kuhifadhi panga za sanaa, ambacho hata leo hukagua na kutoa vyeti, na makumbusho yake yapo Tokyo.

Katika chama hicho mzee wangu aliupeleka upanga wa baba yake. Msuka wake ulikuwa na jina la Kotetsu, mtengeneza deraya wa karne ya 17 aliyegeuka mhunzi wa panga mjini Edo, ambaye jina lake limeigwa kuliko karibu majina yote. Ukungu wa makali ulikuwa na mawimbi ya mviringo mfano wa tasbihi, kama Kotetsu alivyopenda. Lakini feleji haikuwa na mng'ao wake, na mikato ya patasi haikulingana na nakala za saini zake za kweli zilizochukuliwa kwa wino juu ya karatasi. Jibu lilikuwa kwamba chuma ni chema, cha karne iyo hiyo, bali jina si la kweli. Na upanga wenye jina la uongo haupewi cheti.

Kuna dawa inayokubaliwa na wengi. Jina hufutwa kwa tupa, msuka ukatiwa rangi ya uzee, na upanga usio na jina ukapelekwa tena, ukapata cheti kwa sifa yake wenyewe. Mwanawe mkubwa alishauri hivyo, na hoja yake ilikuwa na nguvu. Kwa nini chuma chema kiaibishwe na kosa la mtu mwingine? Bila cheti upanga hauna bei, na usio na bei hutupwa na warithi. Mzee aliniuliza, "Nanyi, Mwalimu, maandishi yenye jina lisilo lake huyafanyaje?"

Nilimjibu kwamba kwetu beti nyingi zimenasibishwa na Fumo Liyongo, na baadhi yake wataalamu huzitilia shaka. Hatuzichomi beti hizo, wala hatufuti jina katika miswada. Huandika kando kwamba jina hili lina shaka, na sababu ni hizi. Maana uongo wa kale nao ni habari. Watuambia watu walimtukuza nani, na walitaka kazi yao iheshimiwe kwa njia gani. Tena anayefuta leo kwa yakini aweza kusahihishwa kesho, lakini chuma kilichokwisha kulika kwa tupa hakirudi.

Mzee alifikiri siku nyingi. Mwishowe alichukua ala ya mti mweupe, ambayo wajuzi wa Japani wana desturi ya kuandika hukumu zao juu yake, akaandika kwa wino na mkono wake kwamba jina lililomo si la mwenye kazi, kwamba kazi ni njema, na kwamba yeye ndiye asemaye hivyo. Kisha akatia jina lake na mwaka. Mwanawe hakuridhika, na simlaumu, kwa kuwa hasara ya fedha ilikuwa ya kweli.

Mimi naona kwamba mzee alitenda haki kwa watu watatu: mhunzi asiyejulikana alipewa sifa yake, Kotetsu aliondolewa kazi isiyo yake, na mtu atakayeushika upanga ule miaka mia ijayo aliachiwa ushahidi wote, wa kweli na wa uongo, ahukumu kwa jicho lake. Mwenye elimu hapaswi kutaka zaidi ya hayo, wala kuridhika na machache kuliko hayo.