Harufu ya Nyasi Zilizofyekwa



Asubuhi ya leo vijana walikuwa wanafyeka uwanja wa kanisa kwa slasha, tukijiandaa kwa mkutano. Nilipofungua mlango, ile harufu ikanijaa puani. Labda wewe ukiisikia unakumbuka shule, wiki ya kwanza ya muhula, malengelenge mikononi. Mimi hukumbuka matanga ya mama.

Kijijini kwetu mtu akifariki, boma hufyekwa mapema ili hema zipate mahali. Nilifika kutoka mjini nikakuta vijana wameshafyeka hadi mlangoni pake. Nyasi zile alikuwa akiwawekea ng'ombe wake, na hakuna aliyethubutu kuzigusa akiwa hai. Sasa zilikuwa zimenigandia viatuni, mbichi, zimelowa umande.

Nilihubiri siku ile na sikulia. Watu wakasema mtumishi ana imani. Ndugu yangu, haikuwa imani, niliogopa kuonekana. Na tangu hapo nimewaambia wafiwa wengi, "Nyamaza, Mungu ana mpango." Kama nilikuambia wewe, naomba unisamehe.

Wanaosoma mimea wanasema harufu hiyo tunayoipenda hutoka kwa jani lililojeruhiwa. Nyasi ikikatwa haifichi, hata mbele ya mchungaji. Tena haikui kutokea nchani, hukua kutokea chini karibu na udongo, ndiyo maana slasha hupita na bado inachipuka.

Zaburi ya 72 inamfananisha mfalme wa haki na mvua inayoshukia nyasi zilizokatwa. Tangu chuo cha Biblia nimekuwa nikipita hapo haraka, nikikimbilia dhahabu ya Sheba. Sikuwahi kujiuliza kwa nini ni zilizokatwa, na si zile zilizosimama na kupendeza.

Leo nililia pale mlangoni, miaka sita baadaye. Kijana mmoja aliniona. Akaweka slasha chini, akaja akaketi kando yangu kwenye ngazi, mikono yake imejaa kijani. Hakuniambia ninyamaze.

Kama umefiwa, hata kama ni zamani na watu wameshaacha kukuuliza, niandikie jina la huyo uliyempoteza. Usieleze mengi. Kesho saa kumi na moja alfajiri nitakuwa magotini, nitayataja moja moja, nikianza na la mama.