Tulidhani ni majivuno

Kwa miezi kadhaa sisi vijana wa kwaya tulimnung'unikia Mwalimu wetu. Jioni, baada ya mazoezi, tulimnyooshea mkono, naye akapita kana kwamba hakutuona. Tulisema: tangu arudi kutoka matibabuni ana majivuno. Siku ya Dominika asubuhi alisoma bila kukosea hata neno moja. Nani angeamini kwamba macho yake ni mabovu?

Siku moja, giza likiingia, alijikwaa kwenye benchi lililokuwa ubavuni pake, akaanguka. Mmoja wetu alicheka. Mwalimu akajipangusa vumbi, akaketi, akasema: "Wanangu, mchana, mkisimama mbele yangu, nawaona. Pembeni sioni kitu, na jua likizama mnatoweka wote."

Ndipo akatueleza. Ugonjwa wa sukari, alioishi nao miaka mingi, uliharibu mishipa midogo ya damu katika retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Ikaota mishipa mipya, dhaifu, ikavuja damu. Daktari alichoma kingo za retina kwa miale ya leza ili kuiokoa sehemu ya katikati, ile tunayosomea. Lakini kingo hizo ndizo zinazotusaidia kuona ubavuni na gizani. Palipochomwa hapaponi tena, wala hakuna miwani ya kuparudisha.

Tukamwuliza: "Mwalimu, mbona hukutuambia?" Akanyamaza kidogo, kisha akajibu: "Niliogopa mtaninyang'anya kitabu."

Jibu hilo lilituumiza kuliko lawama. Tulikuwa tumemhukumu kwa kile alichoweza, naye alikuwa amekificha alichopoteza, kwa kutuogopa sisi.

Sasa tunamwendea kwa mbele na kutaja jina kabla ya kutoa mkono. Mabenchi hayaachwi njiani. Jioni wawili wetu humsindikiza nyumbani kwa zamu. Kusoma anaendelea kusoma.

Vijana wenzetu, mwanzoni ugonjwa huu hauumi, na mgonjwa huona vizuri. Mwalimu alipoanza kuona madoa meusi, ulikwisha kwenda mbali. Kama nyumbani kwenu yupo mzee mwenye sukari, mwombeni apimwe macho kila mwaka, hata akisema anaona. Na yule apitaye bila kuwasalimu, mwiteni kwanza kwa sauti.