Rundo la Nafaka na Andiko la Kijana Wetu



Ndugu wazazi wenzetu, haya tuliyaficha hata kwa jirani zetu hapa Nyamirambo. Leo tunayasema ili yasimkute mwingine.

Kijana wetu alikuwa mwaka wa mwisho wa chuo hapa Kigali. Alipotuomba faranga elfu hamsini za memwari, yaani andiko la kumalizia masomo, tulimpa bila kuuliza. Tulidhani ni za kuchapa na kujalidi. Kumbe alikwenda kununua andiko lililokwisha kuandikwa.

Siku ya kulitetea, mwalimu mmoja alifungua ukurasa wa katikati. Andiko lilihusu wafanyabiashara wa soko la Kimironko, lakini pale paliandikwa soko la Huye. Muuzaji alisahau kubadilisha jina! Kijana akaulizwa, "Ulizungumza na watu wangapi?" Akanyamaza. Chuo kikamsimamisha mwaka mzima.

Jioni ile tulimfokea sana. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Baba, Mama, kila siku mnaniuliza nitamaliza lini. Hamjawahi kuniuliza ninasoma nini." Tulikosa la kujibu.

Tuliikumbuka Hadithi aliyoipokea Abu Huraira (r.a.). Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la nafaka, akakuta ndani kumelowa. Mwenyewe akasema imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka juu watu waione, na akaonya kwamba mwenye kudanganya si katika sisi.

Shahada ya kununua ni nafaka ile ile: juu kavu, ndani maji. Na unyevu haufichiki milele. Kwa jirani zetu Tanzania, Aprili 2017, Rais John Magufuli alipokea ripoti iliyotaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, akaamuru waondolewe kazini. Wengine walikuwa wamekwisha kufanya kazi miaka mingi. Cheti cha ujanani kikawafuata utu uzimani.

Kijana wetu alirudi chuoni. Safari hii alikwenda Kimironko mwenyewe na daftari, asubuhi baada ya asubuhi, akaongea na wauza ndizi na wauza nguo. Alama alizopata hazikuwa kubwa, lakini kila swali alilijibu. Karo ya mwaka ule wa ziada tuliilipa bila kunung'unika, maana sehemu ya kosa ilikuwa yetu.

Wazazi wenzetu, mtoto akiomba pesa za chuo, tumuulize ni za nini. Kisha tumwambie atusomee ukurasa mmoja aliouandika na atueleze. Hata kama somo hatulijui, tutatambua kama maneno ni yake. Na tumwambie mapema kwamba kuchelewa mwaka mmoja si aibu nyumbani kwetu.

Allah awaruzuku watoto wetu elimu yenye manufaa na riziki ya halali. Amin.